"Java imeamka?"

Mama Mhasibu wetu hajui Java ni kitu gani wala hana haja ya kujua. Lakini umeme ukikatika na kurudi hapa Tabora, mtu wa kwanza kumpigia simu ni mimi, na swali lake halijabadilika kwa miaka: "Mwanangu, Java imeamka?" Neno hilo alilipata asubuhi moja mbaya ya mwaka 2019. Mimi siku hiyo nilipata zaidi ya neno.

Natunza kompyuta za chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa tumbaku. Jina la chama nitaliacha. Seva yetu ni moja tu, imewekwa katika kichumba kilicho nyuma ya ofisi ya uhasibu, pamoja na mafaili ya karatasi na feni inayopiga kelele. Vyama vya msingi vya upande wa Urambo, Kaliua na Sikonge vinaingia humo kwa intaneti. Siku ya soko karani wa mizani anaandika uzito na gredi, mfumo unakata deni la pembejeo, na mwisho wa wiki unatengeneza faili la malipo la kupeleka benki. Mkulima aliyekopa mbolea tangu msimu uliopita hana habari na seva. Yeye anataka kuona alichokatwa na alichobakiza.

Kwa asiyeijua mitambo hii: chini kabisa ipo Java yenyewe, ile mashine inayoendesha kila kitu. Juu yake imekaa seva ya programu, kwetu sisi ni Tomcat. Juu ya Tomcat ndipo ilipo programu yetu ya mauzo, iliyoandikwa na kijana mmoja wa Dar es Salaam. Vitu vitatu, vimetengenezwa na watu watatu tofauti, kila kimoja kina kalenda yake ya kuzaliwa na kuzeeka. Ukikisogeza kimoja, viwili vilivyobaki havijapewa taarifa.

Nianze na 2016, maana kiburi kilianzia huko.

Niliajiriwa nikakuta seva ina mfumo endeshi wa Ubuntu 14.04, Java 7 na Tomcat 7. Oracle, kampuni inayomiliki Java, ilikuwa imeacha kutoa masasisho ya bure ya Java 7 tangu Aprili 2015, nami nilikuwa nimetoka chuoni juzi juzi. Nikaona aibu kuhudumia kitu kilichokwisha muda wake. Maelezo ya Tomcat 7 yalisema inahitaji Java 6 au zaidi. Nikapiga hesabu: nane si zaidi ya sita? Jumamosi moja nikaweka Java 8, nikaiwasha Tomcat upya, ukurasa wa kuingilia ukafunguka vizuri. Nikafunga ofisi nikaenda zangu Kanyenye kula ugali.

Jumatatu asubuhi kurasa nyingine zinafunguka, nyingine zinatoa ukuta wa maandishi ya Kiingereza, na katikati ya ukuta huo jina moja linajirudia: `java.util.Map$Entry`. Seva inasema haiwezi kulitambua. Nikafanya ambacho mafundi wengi hufanya wakikwama. Nilifuta akiba, yaani ile folda ya `work` ndani ya Tomcat, nikawasha upya. Zile kurasa zilizokuwa zinafunguka nazo zikafa.

Ilinichukua siku nzima kuelewa nilichokifanya. Kurasa za JSP, yaani kurasa za wavuti zenye Java ndani yake, hugeuzwa kuwa klasi za Java (vipande vya programu ambavyo Java inaweza kuviendesha) mara ya kwanza zinapoitwa, kisha klasi hizo huwekwa katika folda ya `work` ili zisigeuzwe tena. Kurasa zilizokuwa zikifunguka Jumatatu zilikuwa zinaishi kwa akiba iliyotengenezwa enzi za Java 7. Nilipoifuta, Tomcat ililazimika kugeuza upya zote. Na kompaila inayofanya kazi hiyo si ile ya Java. Tomcat huja na yake, inayotoka mradi wa Eclipse. Yetu ilikuwa imetoka kabla ya Java 8 kuzaliwa, na Java 8 ilizaliwa Machi 2014. Java 8 iliruhusu intafesi, ambazo kabla ya hapo zilitaja majina tu ya mbinu, ziwe na mbinu zenye mwili, jambo ambalo halikuwepo kabla yake. Kompaila ilipofungua klasi za Java 8 kutafuta `Map$Entry` ikakuta maandishi ya namna ambayo haijawahi kufundishwa, ikasusa.

Yale maneno "au zaidi" niliyoyashika kama msahafu yalikuwa ya ukoo mzima wa Tomcat 7, na mimi nilikuwa nimeshika mtoto wa kwanza kwanza wa ukoo huo. Wadogo zake waliotoka baadaye, wakiwa bado wanaitwa Tomcat 7, walikuja na kompaila mpya iliyoielewa Java 8. Saa saba mchana nikarudisha Java 7, wiki mbili baadaye nikaweka Tomcat 7 ya mwisho mwisho, kisha ndipo Java 8. Ikatulia miaka mitatu. Tangu siku hiyo nikiulizwa tuna toleo gani, nasoma namba mpaka tarakimu ya mwisho. Ukisema "tuna Tomcat saba" ni kama kusema unakaa Tabora. Mgeni bado hajajua ashukie Isevya au Ipuli.

Sasa 2019.

Habari zilianza na pesa. Oracle ilitangaza kwamba baada ya Januari 2019 anayetumia Java 8 yake kibiashara hatapata tena masasisho mapya bila leseni ya kulipia. Kufika kwa meneja wetu, habari hiyo ilikuwa imeshafupishwa: Java inalipiwa. Akaniita. "Kijana, hilo deni tutalitoa wapi, kwenye tumbaku ya nani?" Nikamweleza kwamba sisi tunatumia OpenJDK, Java huria iliyokuja na Ubuntu, ni ya bure, haina deni. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye busara. Lakini nilishaitwa, na mtu akiitwa na meneja hutaka atoke na jambo la kufanya. Nikamwambia nitatuhamishia Java 11, toleo la kudumu, yaani linalopewa masasisho kwa miaka mingi, lililotoka Septemba 2018, tuwe salama zaidi.

Jumanne mchana nikaiweka. Nikachagua Java 11 kuwa Java ya mashine, nikaandika `java -version`, jibu likaja: 11. Nikampelekea meneja picha ya skrini. Watumiaji waliendelea kupima na kukata risiti kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipongezwa kikaoni. Nakumbuka niliongezewa hata soda.

Na kweli hakuna kilichokuwa kimetokea. Tomcat iliwashwa miezi mitatu nyuma kwa Java 8, na Java 8 ile ilikuwa bado iko kwenye kumbukumbu ya mashine ikifanya kazi. Kubadilisha Java ya mashine hakumgusi anayekimbia tayari. Amri niliyoiandika ilikuwa inaniambia Java nitakayoipata *mimi* nikiita Java kwenye dirisha langu. Haikuwa inaniambia seva imekalia nini. Kwa siku tisa nilitembea mjini nikijua tuko kwenye Java 11, na kwa siku hizo zote tulikuwa kwenye 8.

Siku ya tisa, saa tano usiku, umeme ukakatika. Betri ya UPS ilikuwa imeshachoka na nilishaiandikia dokezo mara mbili. Umeme ulirudi alfajiri, seva ikajiwasha yenyewe kama inavyotakiwa. Saa moja kasoro simu ya Urambo ikaita. Karani wa mizani hakuongea mengi, akampa simu mzee wa kamati ya soko.

"Mwangaluka, kijana."

"Mwangaluka, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa, hapa watu wamelala nje na tumbaku yao, wengine wametoka vijiji vya mbali na mkokoteni. Makarani wanasema mashine yako imelala. Iamshe."

Nikamwambia neno ambalo hadi leo linanichoma: "Mzee, mimi sikugusa kitu."

Kwa usiku ule ni kweli. Nilikuwa nimegusa siku tisa kabla.

Nilifika ofisini nikakuta Mama Mhasibu ameshasimama mlangoni na funguo. Tomcat haikuwa imewaka kabisa. Logi ilikuwa na mistari miwili tu: kwamba `-Djava.endorsed.dirs` haikubaliki tena, na kwamba mashine ya Java imeshindwa kuundwa. Skripti ya kuwashia ya Tomcat yetu ya mwaka 2016 ilikuwa inaipa Java chaguo hilo kila siku, na Java 8 ilikuwa inalipokea bila neno. Kuanzia Java 9, ya Septemba 2017, mlango huo ulifungwa, na Java mpya ikiona chaguo hilo haionyi, inakataa kuamka. Nikalifuta. Nikawasha. Ikakataa tena, safari hii kwa sababu ya `PrintGCDateStamps`, chaguo la kuandika tarehe kwenye logi ya usafi wa kumbukumbu, ambalo mimi mwenyewe nililinakili mahali fulani mwaka 2017 na kuliweka kwenye `setenv.sh`, faili la mipangilio ya kuiwashia Tomcat, bila kulielewa. Nalo liliondolewa Java 9. Nikalifuta pia. Chaguo jingine la humo humo, `MaxPermSize`, lilitoa onyo tu, likapita. (Lisikudanganye: Java 17 hailitaki kabisa.)

Saa mbili na robo Tomcat ikawaka. Mama Mhasibu akauliza, "Kwa hiyo ni nini kilikuwa kimelala?" Nikasema Java. "Na sasa imeamka?" Imeamka, mama. Basi.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Mstari mmoja wa `JAVA_HOME`, unaoiambia Tomcat itumie Java ipi, ungeirudisha Tomcat kwenye Java 8, ambayo kwa bahati sikuwa nimeifuta, na mambo yangeisha. Sikurudi. Nilikuwa nimeshatangaza Java 11 kikaoni.

Mizani ilifanya kazi Alhamisi, Ijumaa ikafanya kazi. Jumamosi ndipo Mama Mhasibu alipobonyeza kitufe cha kutengeneza faili la malipo, na kitufe kikarudisha ukurasa wa kosa. Ndani ya logi: `NoClassDefFoundError: javax/xml/bind/JAXBException`.

Hili ndilo jambo ambalo ningemwambia kila anayetunza mifumo ya namna hii, tena ningemwambia kwa sauti ya juu. Java 8 ilikuwa na maktaba nyingi (vipande vya programu vilivyoandikwa tayari) ndani yake ambazo kiasili zilikuwa za ulimwengu wa seva za biashara: JAXB ya kusoma na kuandika XML (mtindo wa kuandika data ambao mifumo hubadilishana), JAX-WS ya huduma za wavuti, CORBA, na nyingine. Java 9 na 10 zilizitangaza kuwa zinaondoka, Java 11 ikaziondoa kweli. Programu iliyozizoea haikuzibeba yenyewe, kwa sababu zilikuwa mle ndani ya Java bure. Na Java haitafuti klasi mpaka itakapoihitaji. Kwa hiyo mfumo unawaka, ukurasa wa kuingilia unafunguka, mizani inapima, risiti zinatoka, nawe unaenda zako kulala. Klasi inayokosekana inakungoja mahali ambapo ni mtu mmoja anayefika, mara moja kwa wiki, siku ya pesa.

Faili la benki lilikuwa la XML. Malipo ya wiki ile yalichelewa hadi Jumanne. Sitaeleza simu nilizopokea Jumapili. Moja ilitoka kwa shemeji yangu wa Kaliua, ambaye naye alikuwa na tumbaku sokoni.

Jumamosi usiku nikameza kiburi, nikaandika `JAVA_HOME` ya Java 8 ndani ya `setenv.sh`, nikawasha. Tangu siku ile Tomcat yangu haiachiwi kujitafutia Java. Inaambiwa kwa jina na njia kamili. Baadaye, kwa utulivu, kijana wa Dar aliingiza maktaba za JAXB ndani ya programu yenyewe, zisitegemee tena huruma ya Java. Hata hapo palikuwa na kichekesho chake: toleo alilochukua lilikuwa na faili la `module-info`, na Tomcat yetu ya zamani ilipolipekua ikalalamika kwamba imekuta alama namba 19 isiyoijua. Alama hiyo iliingia na moduli za Java 9. Tatizo la Map$Entry lilikuwa limerudi likiwa limevaa koti jingine.

Na niliacha kuiamini `java -version`. Nataka kusikia kutoka kwa seva yenyewe. Tomcat ikiwaka huandika katika mistari ya mwanzo ya logi yake toleo la Java na folda ilikotoka. Vinginevyo naangalia kwa `ps` mchakato unaokimbia umeitwa kutoka njia gani. Na nikishabadilisha Java, nazima mashine nzima na kuiwasha mbele ya macho yangu, mchana, kabla TANESCO haijanifanyia hiyo kazi usiku.

Mwishoni mwa 2021 kijana wa Dar alinunua laptopu mpya. Nilijua hivyo kabla hajaniambia, kwa sababu toleo jipya la programu alilonitumia lilikataa kuwaka kwa `UnsupportedClassVersionError`: klasi ni 61.0, Java hii inasoma mwisho 52.0. Watu huogopa namba hizi bure. Chukua namba, toa 44, unapata Java iliyotumika: 61 ni Java 17, 55 ni Java 11, 52 ni Java 8. Nikampigia. "Kaka, umeandikia kumi na saba, mimi niko nane." Akacheka, akasema dakika tano.

Dakika tano zikaleta faili jipya, namba imeshuka hadi 52, programu ikawaka. Kesho yake kutafuta mkulima kwa jina kukawa kunaanguka kwa `NoSuchMethodError`, mbinu inayoitwa `isBlank`. Alikuwa ameiagiza kompaila yake iandike klasi za umbo la Java 8, lakini aliiachia maktaba za Java 17 mezani, nayo ikachota humo. `isBlank` ilikuja na Java 11. Bahasha ilikuwa ya nane, barua ya ndani ya kumi na moja. Dawa yake ni chaguo moja la kompaila, `--release 8`, ambalo lipo tangu Java 9 na linakataa papo hapo ukitumia kisichokuwepo kwenye nane. Aliliweka. Hatujagombana tena kwa hilo.

Mwaka 2022 alikuja mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, mwepesi, mchapakazi, ananikumbusha mtu. Nilimpa laptopu ya majaribio aandae mazingira mapya. Akaweka Tomcat 10, kwa sababu kumi ni kubwa kuliko tisa. Nilipofika, Tomcat imewaka, logi safi, programu imepokelewa, lakini kila anwani inajibu 404, yaani ukurasa haupo. Hakuna kosa hata moja. Kijana alikuwa ameshahangaika saa nne akikagua Java, akiibadilisha nane, kumi na moja, kumi na saba, na kila mara 404 ileile.

Java haikuwa na kosa lolote. Mwaka 2017 Oracle iliamua kuikabidhi Java EE, ile familia ya kanuni za seva, kwa Eclipse Foundation, lakini makubaliano ya kuendelea kulitumia jina la `javax` katika kazi mpya hayakupatikana. Familia ikaitwa Jakarta, na katika Jakarta EE 9, mwaka 2020, kila kilichoanza na `javax.servlet` kikawa `jakarta.servlet`. Tomcat 9 inaongea jina la kale, Tomcat 10 inaongea jipya. Programu yetu ilibandika `javax` kwenye kila mlango wake. Tomcat 10 ikapita milangoni ikisoma vibao, haikuona hata kimoja inachokijua, ikahesabu kwamba nyumba haina milango. Ndiyo maana ya ule ukimya.

Jioni nilimsimulia jirani yangu wa Cheyo, mzee mstaafu wa reli. Nilidhani atasinzia. Yeye akachukua kijiti akachora chini mistari miwili. "Hii ya kwetu, iliyofika Tabora 1912, upana wake milimita elfu moja. Hii ya kisasa wanayoileta, elfu moja mia nne thelathini na tano. Behewa la hii hata ulipake rangi mpya, hata ulibadilishie breki, kule halipandi. Mwanafunzi wako alikuwa anabadilisha breki."

Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Yale ya 2016 na 2019 yalikuwa mambo ya umri: kipya kimetangulia, kikuukuu hakijafika. Hili ni upana wa reli, na kwenye upana hakuna "au zaidi". Ama unabadilisha magurudumu, na watu wa Tomcat wametoa chombo cha kugeuza majina hayo ndani ya programu iliyokwisha kuandikwa, ama unabaki kwenye reli yako. Sisi tulibaki. Tomcat 9 inakubali Java 8 na kuendelea, inakwenda vizuri hata na 17, na programu yetu haikulazimika kubadilisha jina lolote. Tomcat 10.1 inataka angalau Java 11, Tomcat 11 inataka 17. Hayo niliyaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa seva.

Tulihamia Tomcat 9 na Java 17 mwanzoni mwa 2023, baada ya msimu kufungwa. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayeoa. Nakala ya mfumo kwenye laptopu, wiki tatu za majaribio, kila kitufe kimebonyezwa. Maktaba moja ya zamani ya ripoti ilianguka kwa `InaccessibleObjectException`, kwa kuwa Java 17 imefunga vyumba vyake vya ndani na haimruhusu mtu kuchungulia bila kibali. Tukaipandisha toleo badala ya kuipa kibali cha `--add-opens`, ingawa kwa siku mbili za mwanzo niliitumia hiyo njia ya mkato. Risiti za PDF nazo ziligoma, kumbe niliweka Java nyepesi isiyo na fonti kwenye mashine isiyo na fonti. Nikaongeza. Nikazima mashine, nikaiwasha, nikaizima tena. Msimu ukaanza, ukaisha, Mama Mhasibu hakupiga simu hata moja ya hasira.

Ikafika Septemba.

Mgavi wa pembejeo hutuletea faili la mbolea zilizochukuliwa, tarehe zimeandikwa mtindo wa 14-Aug-2023. Tulisoma faili za Machi, Aprili, Mei, mpaka Agosti, hakuna hata moja iliyokataa. Faili la kwanza la Septemba likakataliwa lote, mstari kwa mstari: tarehe haisomeki. Nikalifungua, tarehe ziko sawa, 04-Sep-2023. Nikadhani mgavi ameingiza nafasi isiyoonekana. Nikampigia kwa ukali kidogo, akanijibu kwa ukali zaidi. Nikabadilisha kwa mkono mstari mmoja uwe wa Agosti, ukapita. Nikaurudisha Septemba, ukagoma.

Mfumo wetu umewekwa Kiingereza cha Uingereza. Tangu Java 9, majina ya siku na miezi Java huyachota kwenye hazina ya kimataifa iitwayo CLDR, na katika Java 16 hazina hiyo iliposasishwa, kifupi cha Septemba kwa Kiingereza cha Uingereza kiliacha kuwa Sep kikawa Sept. Herufi moja. Miezi kumi na mmoja haikuguswa. Tungejaribu mfumo wiki tatu, tungejaribu miezi mitatu, kama haiangukii Septemba tusingeona kitu. Na upande wa pili ulikuwa mbaya vilevile: ripoti zetu zilikuwa zinatoka na 04-Sept-2023, na waliozipokea nao mifumo yao ikazikataa.

Nilimpigia mgavi kuomba radhi. Aliniuliza kosa lilikuwa nini hasa, nikamwambia herufi t. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Ndugu yangu, pumzika." Kijana wa Dar akabadilisha tarehe zote zinazopita kati ya mfumo na mfumo ziwe namba tupu, 2023-09-04, mwezi usiwe na jina la kubadilishwa na mtu aliye Ulaya. Kipo chaguo la kuirudisha Java kwenye majina ya zamani, `java.locale.providers=COMPAT`, lakini nilisikia kwamba lina siku zake, na kweli Java 23 imeliondoa. Nimechoka kufuta machaguo alfajiri watu wa Urambo wakiwa kwenye simu.

Kwenye laptopu ya majaribio sasa nina faili moja dogo lenye mistari 12, mkulima mmoja wa kubuni, mfuko mmoja wa mbolea kila mwezi kuanzia Januari hadi Desemba. Kila Java mpya inalisoma hilo kabla ya kitu kingine. Halafu inatengeneza faili la benki. Halafu inachapa risiti. Halafu nachomoa waya wa umeme ukutani, nangoja, naurudisha. Mwanafunzi wa mwaka huu aliniona nikichomoa waya akadhani nimekasirika.

Kijana wa Dar ameshaanza kunisemesha kuhusu Java 21. Anasema ni ya kudumu, imetoka tangu Septemba 2023, ina mambo mazuri. Nimemwambia masoko yanafunguliwa karibuni, tuzungumze msimu ukifungwa, na aje na orodha ya maktaba zake zote na namba zao mpaka tarakimu ya mwisho. Amesema nimezeeka. Juzi usiku umeme umekatika tena, mtaa mzima wa Cheyo giza. Ulirudi saa kumi alfajiri. Saa kumi na dakika nne simu ikaita. Nilikuwa nimeshafungua logi, nasoma mistari ya mwanzo, Java 17, folda ileile.

"Imeamka, mama."

"Haya. Na wewe sasa kalale."